Simu Baada ya Faksi

Truphosa alipiga namba ya kwanza, na mashine ikamlilia sikioni kwa mlio mkali uliomfanya aondoe simu haraka. Akapiga ya pili. Mwanamke alipokea, akataja jina la kampuni kwa Kijerumani, akasubiri. Truphosa akakata.

Alizitazama tena namba hizo kwenye karatasi aliyopewa na kampuni ya simu, akawatukana wenzake kimoyomoyo. Zilitofautiana tarakimu ya mwisho tu. Zote mbili zilikuwa za ofisi moja huko Düsseldorf, na zote zilipigwa Alhamisi ile jioni kutoka mashine moja ya faksi, hii ikifuata ile. Mpelelezi aliyemtangulia kwenye jalada hili alikuwa ameandika kwamba faksi ilitumwa, ikagoma, ikatumwa tena. Hakujisumbua kupiga. Alikwisha mpata mwanamke wa Kikongo mwenye kadi ya mlango, na moyo wake ukatulia.

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo mengi. Kampuni ya Morikage, ya Osaka, huuza pampu za maji kwa miji ya Ulaya. Alhamisi hiyo makao makuu yalilitumia tawi la Stockholm bei ya siri ya zabuni kubwa. Kesho yake washindani wao, Wajapani wenzao wenye tawi Düsseldorf, walipeleka bei iliyo chini yake kwa kiasi kidogo cha kutia aibu, wakashinda. Mtu alikuwa ameichukua karatasi ile na kuirusha Ujerumani kwa mashine ileile iliyoileta. Mlango wa ofisi hufunguka kwa kadi mtu akiingia, na kwa kitufe akitoka. Mtambo wake ulionyesha kadi moja tu jioni hiyo, nayo ilikuwa ya Séraphine, msaidizi wa ofisi.

Truphosa aliteremka basi la kutoka Spånga viatu vikiwa vimelowa theluji iliyoyeyuka, akapanda mpaka ghorofa ya nne ya jengo la vioo huko Kista, pembezoni mwa Stockholm. Kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi mashine ilikuwa imekaa juu ya meza yake, nyeupe iliyogeuka njano, na mkonga wa simu ubavuni.

"Bado mnatumia hii?" alimuuliza meneja wa tawi kwa Kiingereza, lugha pekee waliyoijua wote wawili.

Bwana Nishiwaki alikuwa mwembamba, suti ya kijivu, uso umefungwa. Hakulipenda neno "bado", na hakujaribu kuficha.

"Barua pepe huibwa bila mtu kuiona. Karatasi hii ina mihuri ya watu watatu. Kila mmoja ameisoma, na kila mmoja anawajibika nayo."

"Mwizi angeweza kuipiga picha kwa simu yake, akaituma. Asingehitaji mashine yenu."

"Picha ya simu inaghushiwa na mtoto yeyote. Hakuna ofisi ya Kijapani itakayoshusha bei yake kwa kuamini picha ya simu." Aligusa kifuniko cha mashine kwa kidole kimoja. "Walitaka faksi, yenye namba yetu juu yake. Mimi pia ningetaka faksi."

Alisema hivyo kama anayewasifu wezi kwa kufuata utaratibu. Truphosa alihisi hasira ikimpanda, akaimeza.

"Na wewe ulikuwa wapi Alhamisi?"

"Osaka. Muhuri wa tatu ni wangu. Niliugonga kwa mkono wangu, mbele ya wakurugenzi." Alitazama saa yake. "Mtu wenu wa kwanza alitwambia kazi imekwisha. Kwa nini umekuja?"

"Kwa sababu haijaisha. Nani wengine wana ufunguo wa chumba hiki?"

Walikuwa watatu tu: Séraphine, Anton wa mauzo, na Eliud, mkuu wa utawala.

Eliud hakungoja kuitwa. Alimdaka Truphosa kwenye ujia, akiwa na vikombe viwili vya kahawa na kicheko cha mtu aliyempata ndugu ugenini. Alikuwa Mkenya kama yeye, mtanashati, tai imenyooka. Alikuwa amesomea Japani kwa ufadhili, akabaki Osaka miaka kadhaa kazini kabla ya kuletwa Stockholm.

"Nilisikia wametuma Mkenya, nikasema afadhali."

"Afadhali kwa nani?"

"Kwa kazi, madam. Hao wengine hawaelewi vile watu wetu wako." Alipunguza sauti. "Huyo mama ni mtu wa kanisa, sikatai. Lakini unajua hawa Wakongo, shida zao hawasemi. Ana kijana Kampala anataka kumleta huku. Mtu akiwa na haraka ya aina hiyo anafanya chochote."

"Nani alimwandikia barua ya mwajiri ya kumleta huyo kijana?"

"Mimi. Mambo yote ya wafanyakazi yako kwangu. Migrationsverket, hao watu wa uhamiaji, wakipiga kuuliza kama kweli ana kazi, ni mimi ninashika simu." Akatabasamu. "Nimemsaidia sana. Sasa ona vile ananilipa."

Truphosa alikirudisha kile kikombe mkononi mwake bila kukionja. Hakuwa na sababu ya kumshuku mtu huyu bado, ila alikuwa amekwisha mchukia, na ilibidi ajikumbushe kwamba chuki si ushahidi.

Anton hakumpa mengi. Alikuwa Mswidi mwekundu wa uso, mwenye ghadhabu ya kudumu. Alhamisi ile alikuwa uwanjani akiangalia mpira wa magongo na wanawe, tiketi anazo. Kuhusu faksi alisema kwa Kiswidi kwamba siku itakapotupwa dirishani yeye ndiye atakayefungua dirisha. Alitaka kujua pia polisi watamaliza lini kuchafua jina la ofisi.

Séraphine alikuwa jikoni, akikausha vikombe vilivyokwisha kauka. Mwanamke wa Goma, mkazi wa Tensta, alisimama mgongo umegota kabatini, kana kwamba kuna mtu wa kumzunguka kwa nyuma.

"Ile Alhamisi ulirudi kufanya nini?" Truphosa aliuliza.

"Kuweka karatasi tupu ndani ya machine. Osaka wanaamka sisi tukilala. Karatasi ikikosa usiku, asubuhi ni mimi wanagombeza. Nilikuwa nimesahau, nikarudi."

"Uliingia na nani?"

"Peke yangu." Jibu lilikuwa limesimama tayari mdomoni kabla swali halijaisha.

"Unajua Kijapani?"

"Neno moja. Asante."

"Na Kijerumani?"

"Hata moja."

"Basi mtu mwingine alikuwepo. Baada ya ile faksi, mashine hiyohiyo ilipiga namba ya pili, na namba hiyo inapokelewa na binadamu. Mtu alizungumza hapa, mama Séraphine. Si wewe. Ni nani?"

Séraphine aliweka kikombe chini taratibu. "Ule wa kwanza aliandika ninadanganya. Na weye andika. Polisi wote mkono ni mmoja."

"Nikiandika hivyo unapelekwa mahakamani. Huna kazi, huna mshahara, na bila mshahara kijana wako hatoki Kampala."

"Usitie jina ya mtoto yangu ndani ya mdomo yako." Macho yake yalikuwa makavu na yenye uadui kamili. "Anaitwa Heshima, anakaa na shangazi yake, analala chini miaka yote hii. Nyinyi polisi hamumjui. Mimi sina kitu ya kusema."

Truphosa aliondoka jikoni akijua mambo mawili. Mwanamke yule aliogopa mtu fulani kuliko alivyoiogopa jela, na hatamtaja kwa kulazimishwa.

Alirudi kwenye chumba cha faksi, akafunga mlango, akawaza. Mtu aliyetaka kuiba kwa siri alikuwa amefanya mambo ya akili sana. Hakutumia kadi yake. Alifuta kumbukumbu ya mashine. Fundi alikwisha thibitisha hilo. Kisha mtu huyohuyo mwenye akili akainua simu ya ofisi, akapiga Düsseldorf kwa sauti yake mwenyewe, pale pale, wakati simu yake binafsi ilikuwa mfukoni. Haikuingia akilini. Mwizi hapigi simu ya namna hiyo kwa kukusudia. Aliipiga bila kufikiri, kama mtu anavyojifuta miguu mlangoni kwa mwenyeji.

Akamwita Nishiwaki.

"Osaka bado wako kazini?"

"Wako. Huko ni alasiri."

"Nataka kuona mashine hii inavyofanya kazi. Kila mmoja wa watu wako watatu atatuma ukurasa mmoja makao makuu mbele yangu. Andika chochote, salamu za ofisi, ugonge muhuri wako. Usiwaambie neno jingine. Na wewe ukae pale ukutani, usinisaidie."

Nishiwaki alisita. Kupoteza karatasi kwa ajili ya mchezo wa polisi kulimkera. Hata hivyo aliandika salamu tatu, akazigonga mihuri mitatu myekundu, kila mmoja umenyooka.

Séraphine alikuwa wa kwanza. Alikagua karatasi kwenye trei, akaweka ukurasa, akabonyeza namba kutoka kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukutani. Akangoja kistakabadhi kitoke, akakibana kwa pini kwenye ukurasa, akampa Nishiwaki, akarudi nyuma. Hakumtazama mtu.

Anton aliuweka ukurasa kichwa chini miguu juu, akalaani, akaugeuza, akabonyeza, akatoka kabla mashine haijamaliza. Nishiwaki ndiye aliyeuokota ukurasa wake sakafuni.

Eliud aliingia akipangusa mikono kwa leso. Aliushika ukurasa kwa mikono miwili, akaulaza, akapiga namba kwa kichwa, akasimama wima mpaka mashine ilipotulia. Kisha akainua mkonga wa simu. Akapiga namba nyingine, akazungumza Kijapani laini, maneno machache, na alipokuwa akisema hivyo kiuno chake kikainama kidogo kuelekea mashine. Akashukuru. Akaurudisha mkonga mahali pake kwa uangalifu.

"Ulikuwa unampigia nani?" Truphosa aliuliza.

"Osaka. Kuuliza kama imefika."

"Si stakabadhi imetoka? Inasema imefika."

"Hiyo ni mashine inasema." Eliud alicheka kwa huruma, kama mwalimu. "Madam, hii ni kitu watu wa huku hawawezi kuelewa. Kwa ofisi ya Kijapani, ukituma faksi lazima upige. Useme umetuma ukurasa mmoja, uulize kama unasomeka, uombe radhi kwa usumbufu. Usipopiga, ni kama umemtupia mtu karatasi usoni. Wiki yangu ya kwanza Osaka nilisahau. Mkubwa wangu alinisimamisha mbele ya idara yote, nikaomba msamaha kwa sauti. Tangu hiyo siku sijawahi kusahau."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja." Alisema kwa fahari.

"Namwamini," Truphosa alimwambia Nishiwaki kwa Kiingereza, kisha akamgeukia tena Eliud kwa Kiswahili. "Na Düsseldorf Alhamisi, ulipowauliza kama bei inasomeka, waliombaje radhi? Au wewe ndiye uliyeomba?"

Kicheko kilibaki usoni mwa Eliud kwa muda, hakina kazi. Kisha kikatoka.

"Sijui unasema nini."

"Namba ya kwanza, faksi. Namba ya pili, simu. Mtu alituma, akapiga kuuliza. Séraphine hapigi. Anton hangoji hata mlio uishe. Bwana Nishiwaki angepiga, lakini alikuwa Osaka anagonga muhuri. Umebaki wewe, na adabu yako."

"Hiyo ni tabia, si ushahidi. Peleka mahakamani uchekwe." Sauti yake ilikuwa imepoteza undugu wote. "Kadi yangu haionekani mlangoni. Iliyoonekana ni ya huyu mwanamke. Anaweza kuwa alifundishwa kupiga simu, nani anajua? Hawa kwao uongo wanazaliwa nao. Mfungeni, mwende mle chakula cha mchana."

Séraphine alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno.

Truphosa hakumbembeleza. "Umemsikia. Huyu ndiye unayemficha. Amekwambia ukikaa kimya atawaambia Migrationsverket kazi unayo. Sasa anataka nikufunge. Ukiwa gerezani atawaambia nini wakipiga?"

Séraphine aliingia hatua moja ndani.

"Nilimkuta chini, kwa mlango," alisema. "Akasema amesahau kadi. Nilifungua chini, tukapanda wote, nikafungua na juu. Mimi niliweka karatasi, nikaenda. Yeye alibaki. Kesho yake, mbele hata mtu ajue kitu, akaniita ndani ya bureau yake. Akasema, mama, hukuniona. Akasema ule mtu wa Migration akipiga, neno yake njo itamleta Heshima ao itamwacha." Alimtazama Eliud sasa. "Nilikuwa nakuombea kanisani. Jina yako, na ya mtoto yangu, pamoja."

Truphosa aliita gari la polisi, akakaa kwenye kona ya meza akaandika maelezo ya Séraphine kwa Kiswidi, huku akimsomea kila sentensi kwa Kiswahili. Nishiwaki alielezwa yote kwa Kiingereza. Aliandika ukurasa kwa mkono, akaugonga muhuri, akautuma Osaka kuomba maelekezo. Kisha naye akainua mkonga, akapiga kuuliza kama umefika.

Walingoja wote wanne katika chumba kile kidogo mpaka mashine ikaamka yenyewe. Ukurasa ulitoka polepole. Mihuri iliyogongwa myekundu Osaka ilifika Stockholm ikiwa myeusi. Nishiwaki aliusoma, akaushusha, akabaki anatazama viatu vyake.

"Wanasema nini?" Séraphine alimuuliza Truphosa.

"Sijui kusoma hiyo."

"Mimi ninajua," Eliud alisema kutoka kwenye kiti alichokalishwa. Alikuwa ameunyoshea shingo, na uso wake ulikuwa umepata uhai tena. "Mimi nimesimamishwa, hiyo ilikuwa wazi. Halafu, aliyefungua mlango naye asibaki. Mkataba wake unaisha mwezi huu, hauongezwi. Muulize huyo kama nimetia chumvi."

Truphosa aliuliza. Nishiwaki aliinamisha kichwa. "Ni sahihi," alisema. "Mlango ni jukumu la mwenye kadi."

"Alimfungulia mkubwa wake wa kazi," Truphosa alisema. "Ulitaka amfanyeje, amwache kwenye theluji? Bila yeye mngekuwa bado mnamlipa mwizi wenu mshahara."

"Nimeelewa. Ni sahihi hata hivyo."

Truphosa alitamani kuivuta ile mashine ukutani na waya zake. Badala yake alisimama kati ya Séraphine na wale wanaume wawili, kitu kisichosaidia chochote.

"Mama Heshima," Eliud alisema, pole sana, kana kwamba wako peke yao. "Hiyo karatasi ya polisi hujaweka sahihi. Bila wewe huyu hana kitu, ana simu moja tu. Sema ulichanganyikiwa. Nitarudi kazini, na mambo ya mikataba ni mimi ninaandika, Osaka wanagonga tu. Kijana atakuja. Nakuahidi mbele ya polisi."

Alikuwa anasema kweli kuhusu ushahidi, na Truphosa alijua. Séraphine alimgeukia.

"Nikisaini, mtoto yangu atakuja?"

Ulikuwa ni wakati wa kusema uongo mdogo, wenye huruma, ambao ungefunga kesi. Truphosa alihisi uongo huo umekaa ulimini.

"Utatafuta kazi nyingine. Utaomba upya. Inaweza kuchukua muda mrefu, na anaweza akawa mkubwa mno kuletwa kama mtoto kabla ya hapo. Sidhani atakuja."

"Na nisiposaini?"

"Labda atakuja."

Séraphine alichukua kalamu mezani. Aliishika muda, akimtazama Eliud, tai yake, mikono yake safi juu ya magoti.

"Akija kwa mdomo ya huyu," alisema, "atakuwa ananishika nayo mpaka nizeeke. Kila siku atanifungulia mlango, kila siku atanionyesha kitasa. Na mtoto ataona mama yake anainama." Akaandika jina lake lote, taratibu, akaisukuma karatasi kwa Truphosa. "Chukua. Na weye usinishukuru."

Truphosa hakumshukuru.

Séraphine alivaa koti lake, akatoka hadi kwenye ngazi, akaacha mlango wazi nyuma yake. Walimsikia akingoja simu ipokelewe upande wa pili. Iliita sana. Eliud aliziba masikio kwa viganja vyake, na hakuna aliyemkataza.

"Allô, Heshima," sauti ilisema kwenye ngazi, ya kawaida kabisa. "Uko na shangazi? Hapana, usimwite. Kaa chini kwanza, mwanangu. Kaa chini, nikuambie."